Nani Alikuwa Akilia

Nianze na kosa langu, maana yeye hakuvumilia mtu anayezungukazunguka na maelezo huku amemficha mwenye kitendo mpaka mwisho. Barua iliyomwondoa shuleni kwetu niliitunga mimi. Nilikuwa kidato cha tatu, nina miaka kumi na saba na kinyongo cha kutosha watu wawili. Kwa miaka kumi na mmoja sikumwambia mtu, na badala yangu aliumia mwingine. Sasa mengine yote nitakayosema kumhusu, mazuri na mabaya, uyapime ukijua hilo.

Alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza. Jina lake sitalitaja, na hata sisi hatukulitumia. Mbele yake tulimwita Mwalimu, nyuma yake tulimwita Nani. Hilo la pili lilitokana na swali lake. Kulikuwa na kosa moja alilolichukia kuliko makosa yote ya lugha ile: sentensi inayoanza na kitendo, halafu ukimtafuta mwenye kukitenda unamkuta mtu mwingine kabisa, au mnyama, au ukuta. Mwenzetu mmoja wa Masii aliandika, "Walking to the river, a snake bit me." Maskini alitaka kusema kwamba alikuwa akitembea kwenda mtoni, nyoka akamuuma. Lakini kwa jinsi alivyoipanga, nyoka ndiye aliyekuwa akitembea.

Mwalimu mwingine angechora mstari mwekundu akaendelea na maisha. Huyu wetu alimsimamisha kijana, akamwita wa pili awe nyoka na wa tatu awe mto, kisha akaiamuru sentensi ianze. Nyoka akalala chini atambae. Mwalimu akamwambia ainuke, sentensi inasema anatembea. Basi nyoka wetu akatembea kati ya madawati, mikono mfukoni, akafika akamuuma mwenzake kwa vidole viwili, na darasa zima likavunjika mbavu. Mwalimu hakucheka. Alisubiri tunyamaze, akauliza, "Nani alikuwa akitembea?" Yule wa Masii akajibu kwamba ni yeye. "Basi jiweke hapo. Kila kazi ina mwenyewe. Ukimweka mbali na kazi yake watapotezana."

Swali hilo aliliuliza kwa Kiingereza akiwa ametulia. Akianza kukasirika liligeuka Kiswahili. Likifika Kikamba, "Nũũ?", ujue umekwisha, tafuta pa kuangalia.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sweta ya kijivu aliyoivaa hata Januari. Kalamu tatu za wino mwekundu zilikaa mfuko wa shati, zimefungwa kwa mpira mmoja. Mkono wake wa kulia ulitetemeka. Akiandika ubaoni aliushika kifundo kwa ule wa kushoto, na alama zake za vyema kwenye madaftari zilikuwa na mawimbi. Tulizoea. Pombe hakuwahi kuonja. Hata kwenye arusi, chupa zikitokea, alichukua kofia yake akaaga. Kinywaji chake kilikuwa chai ya rangi yenye sukari ya kuua mtu.

Usidhani alikuwa mtu mnyoofu kila mahali. Ua la nyumba yake kule Mumbuni lilipinda hivi kwamba mbuzi walipita wakitaka. Mwalimu huyuhuyu aliyetukataza neno moja la Kikamba darasani aliwasemesha mbuzi hao kwa Kikamba tu, tena kwa upole ambao sisi hatukuuona. Akigundua mwanafunzi amekosa chakula cha mchana kwa sababu yoyote, alimwita chumba cha walimu, akampa sahani yake mwenyewe ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kisha akamsomea makosa yake yote ya wiki huku kijana akila. Mara mbili nilikula sahani ile. Mpaka leo sijui kama nilishiba au niliadhibiwa.

Na hakuishia kwenye madaftari tu. Alirekebisha matangazo ya kanisa na vibao vya maduka. Baadaye, alipokuwa amehamishiwa shule ya kutwa karibu na Masii, aligombana na mfanyabiashara Msomali mwenye duka na zizi la mbuzi pale sokoni. Yule mzee alikuwa ameandika kwa Kiingereza ukutani maneno ambayo, ukiyasoma kama Mwalimu alivyoyasoma, yalisema kwamba bidhaa zikishalipa hazirudishwi. Mwalimu akamweleza kwamba bidhaa hazilipi, mteja ndiye anayelipa, na yeye amemwacha nje. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akampa chai, akamwambia kwamba tangu aandike hivyo hakuna mteja aliyewahi kukosea, na siku bidhaa zake zitakapoanza kulipa zenyewe atamshukuru Mungu. Kibao kilibaki. Wakawa marafiki tangu siku hiyo. Kisa hiki nilikipata kwa Musyoka, ambaye wakati huo alikuwa akimfanyia yule mzee kazi ya kupakia mbuzi.

Sasa huyo Musyoka. Ndiye niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Kwao Kalama, mtoto wa mama mjane, kijana mpole mwenye mwandiko mzuri kuliko wa walimu. Baba yangu alipofariki, likizo ya Aprili, Musyoka na mama yake walitembea mpaka kwetu kuzika. Yule mama alikuja na kiondo cha mahindi, akakaa na mama yangu jikoni siku tatu.

Muhula ulipofunguliwa tukapewa insha ya kuandika jambo tusilolisahau. Mimi niliandika mazishi. Sikusema ni ya nani. Niliandika kwamba jeneza liliteremshwa kaburini, na kabla ya jeneza nikaweka kilio: "Crying bitterly, the coffin was lowered." Mwalimu aliifungua insha yangu mbele ya darasa, akaisoma sentensi hiyo, akainua macho.

"Nani alikuwa akilia?"

Nilinyamaza. Akarudia. Nyuma kabisa kijana mmoja akatoa sauti ya jeneza linalolia, na wenzangu wakaangua kicheko. Musyoka, ambaye hakucheka, alinigusa goti chini ya dawati akaninong'oneza nimwambie. Sikutaka. Niliona nikifungua mdomo nitalia kweli, na heri wanicheke kuliko wanione. Mara ya tatu Mwalimu akauliza kwa Kikamba, kisha akaniambia nisimame hivyo mpaka mwenye kilio apatikane. Nilisimama mpaka kengele ikalia. Hakujua, hilo nakubali. Kwake ilikuwa insha kati ya insha arubaini. Lakini siku ile nilimchukia kwa chuki safi kabisa, na ningeweza kumchukia hivyo maisha yangu yote kama nisingefanya nililofanya.

Jumapili iliyofuata, wengine wakiwa ibadani, nilikaa bwenini nikatunga barua kwa halmashauri ya shule. Haikuwa vigumu kupata wa kuniunga mkono. Kila mtu aliwahi kuwa nyoka. Niliandika kwamba anatudhalilisha, na hilo lilikuwa kweli. Nikaongeza kwamba anakuja darasani amelewa. Mwandiko wangu ulikuwa wa kuku, basi nikampa Musyoka ainakili vizuri. Alipofika hapo pa ulevi akasimamisha kalamu.

"Hii si kweli," alisema.

"Mkono unatetemeka, kila mtu anaona. Andika tu."

Akaandika. Kisha tukafanya kama wanafunzi walivyofanya siku zile: tukachukua sahani ya bati kutoka jikoni, tukaizungushia kalamu kwenye karatasi, na majina yetu thelathini na manane tukayapanga kwa duara, asiwepo wa kwanza wala wa mwisho, asipatikane kiongozi. Tulijiona wajanja sana. Kumbe tulihangaikia majina tukausahau mwandiko.

Ilimchukua naibu wa mwalimu mkuu nusu saa na rundo la madaftari. Musyoka akaitwa. Aliulizwa nani alimtuma, akasema hakuna. Akaulizwa tena na tena siku mbili, jibu lile lile. Mama yake akaitwa kutoka Kalama. Alikuja kwa miguu, kuku ndani ya kiondo, akidhani ni jambo la kuomba msamaha likaisha. Ilikuwa zamu yangu ya kumwagilia maua mbele ya ofisi, kwa hiyo nilikuwepo. Mwalimu alitoka nje akamkuta yule mama amesimama kibarazani, akamwambia kwa Kikamba, polepole, kwamba mwanawe ni mwongo, na mwongo akiachwa hukua. Mama alitazama chini kwenye kiondo.

Kati yangu na wao kulikuwa na hatua kumi. Nilikuwa na debe la maji mkononi, na nilichohitaji ni kuliweka chini. Sikuliweka. Yule mama alipotoka alinipitia, akanishika bega, akaniuliza mama yangu anaendeleaje. Nikamjibu hajambo. Aibu ya jibu hilo ninayo hadi leo.

Musyoka hakurudi darasani. Mwalimu naye alihamishwa kabla muhula haujaisha, na kila alikokwenda neno "mlevi" lilikuwa limeshafika. Mimi nilipita mtihani wa Kiingereza vizuri sana.

Miaka ikaenda. Nilifungua kiduka cha kuchapa na fotokopi mjini Machakos, karibu na mahakama, kompyuta mbili na printa moja yenye kisirani. Kazi yangu kubwa ikawa programu za mazishi. Watu wa kwetu, hata kama waombolezaji wote ni wakulima na ibada nzima ni Kikamba, wasifu wa marehemu utachapwa na kusomwa kwa Kiingereza. Vinginevyo wanaona hawakumzika kwa heshima. Na Mwalimu alikuwa amestaafu, amerudi Mumbuni. Basi kukazuka desturi: mimi nachapa rasimu, familia inaipeleka Mumbuni, inarudi na wino mwekundu, nami nachapa nakala safi. Hakutoza kitu. Watu walisema wafu wana haki ya kutajwa wao wenyewe, na nilijua maneno hayo yametoka kwake. Kwa hiyo nilimwona karatasini karibu kila wiki, na mawimbi ya kalamu yake yakizidi mwaka hadi mwaka, lakini uso wake sikuutafuta. Nikimwona sokoni nilivuka barabara.

Alhamisi moja mchana Musyoka akaingia dukani. Alikuwa amenenepa mabega, ananuka zizi, na mkononi ana karatasi mbili za daftari. Mama yake alikuwa amefariki. Maziko Jumamosi. Tulisalimiana kama watu wanaokutana kila Krismasi, ndivyo tulivyokuwa. Hakuwahi hata siku moja kunikumbusha. Nikampa pole, nikachapa. Nilipomaliza alisema anataka wasifu upitie kwa Mwalimu.

Nikamwambia ninaweza kuurekebisha mimi, kazi hiyo naijua.

"Najua unajua," alisema. "Lakini mama za watu wote wa Kalama wamesomwa kwa mkono wake. Mwaitu, mama yangu, abaki nje kwa nini? Mimi nikienda hatafungua geti. Peleka wewe." Akafika mlangoni, akageuka. "Si lazima umwambie kitu. Mwambie tu ni ya mama."

Nilifunga duka nikaenda kwa miguu, nikitumaini njiani kwamba nitamkosa. Nilimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki, sweta ile ile au dada yake, mkono wa kulia umelazwa pajani ukitikisika wenyewe. Alinitambua mara moja. Akasema mimi ndiye wa kuchapa, na karatasi zangu ni safi. Akavaa miwani. Sentensi ya kwanza ilisema, "Born in Kalama, God blessed her with four children."

"Mungu alizaliwa Kalama lini?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona akitabasamu. "Hii ya nani?" Kisha akaliona jina, na tabasamu likaondoka. Akaikunja karatasi, akanirudishia.

"Hii siigusi."

Nikamwambia mama wa watu hakukosa lolote. Akasema anajua. Akasema pia kwamba mtoto wa mama huyo alimwandika mlevi, yeye ambaye hajaonja, na mke wake marehemu alilisikia neno hilo likinong'onwa kanisani, na alikufa bila kuacha kulisikia. Aliyasema haya bila kupaza sauti. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi, na njia ya kutoka ilikuwa wazi kabisa. Ningeenda dukani, ningechukua kalamu nyekundu, ningetikisa mkono kidogo nikiandika. Musyoka asingejua. Wallahi nililifikiria.

"Mwalimu, ile barua si ya Musyoka. Yeye alinakili tu."

Akageuza kichwa. "Nũũ?"

"Mimi. Nilitunga mimi. Ya ulevi pia ni mimi."

Mbuzi alikuwa ameingia kupitia lile ua, anakula kitu kando ya tangi. Hakuna aliyemfukuza. Mwalimu aliniuliza kwa nini, na hapo hasira yangu ya zamani ikanipanda, nikashangaa kumbe bado ilikuwepo.

"Uliniuliza nani alikuwa akilia. Kwenye insha yangu, ya mazishi. Ilikuwa ni mimi. Lile jeneza lilikuwa la baba."

"Mbona hukusema? Nilikuuliza mara tatu."

"Uliiuliza sentensi, Mwalimu. Mimi hukuniuliza."

Alivua miwani, akashindwa kuikunja kwa ule mkono, akaiweka pajani ilivyo. Nilidhani atanifukuza, na kwa kweli ningefarijika. Badala yake akaniuliza nilikuwa wapi siku mama yake Musyoka alipokuja shuleni. Nikamwambia nilikuwa namwagilia maua. Akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu, na sikujua anamsikitikia nani.

"Chukua kalamu," alisema mwishowe. "Mkono wangu umechoka. Nitasema, wewe andika."

Tulimaliza wasifu ule jua likiwa bado juu. Hakuruka hata nukta. Kila kitendo cha yule mama alikirudisha kwake: ni yeye aliyelima, yeye aliyezika mume, yeye aliyetembea. Nilipoinuka kuaga aliniambia nimpitie Jumamosi asubuhi, atakwenda Kalama.

Watu walipomwona anashuka kwenye gari, ameniegemea, walinyamaza. Kalama yote ilijua kisa chake na Musyoka. Musyoka mwenyewe alisimama kando ya kaburi akiwa na koleo, hakumsogelea. Wasifu ukasomwa. Mchungaji akauliza kama kuna wa kusema neno, na Mwalimu akainua ule mkono unaotetemeka. Walimletea maikrofoni. Aliishika kwa mikono miwili na akasema kwa Kikamba, akilitazama jeneza na si watu:

"Mama, nilikuambia mwanao ni mwongo. Aliyesema ni mimi. Hakuwa mwongo. Nilikosea mimi, na nimechelewa kuja."

Musyoka aliegemea koleo lake. Bega lake moja lilianza kutikisika. Watu wakadhani mzee amemaliza, na mchungaji akanyoosha mkono kupokea maikrofoni. Mwalimu hakumpa. Aligeuka akatazama umati, safu moja baada ya nyingine, kama alivyofanya zamani akiwa na rundo la insha kwapani, mpaka akafika nilipokuwa nimesimama. Alinitazama. Akanyoosha maikrofoni upande wangu, nayo ikitetemeka.

"Nũũ?"

Wengine walifikiri uzee umemchanganya. Musyoka aliinua uso, macho yamelowa, akanitazama naye akisubiri. Kati yangu na kaburi kulikuwa na kama hatua kumi. Nikazitembea.